Mrejesho: Labrador weusi waliozaa watoto wa manjano
Niliuliza awali imekuwaje mbwa wangu wawili aina ya Labrador, wote weusi tii, wazae watoto wanane na wawili kati yao wawe wa manjano, nikakiri kwamba nilimshuku mbwa wa jirani. Majibu ya kipimo cha vinasaba yamenilazimu kumwomba jirani radhi: dume na jike, kila mmoja amebeba nakala moja fiche ya jeni ya MC1R, ambayo mtoto akiirithi kutoka pande zote mbili, weusi hauingii kabisa kwenye manyoya yake. Nafasi ilikuwa 1 kati ya 4. Mmoja wa hao watoto wawili wa manjano ana pua ya kahawia, maana amerithi pia nakala mbili fiche za TYRP1, jeni inayogeuza weusi kuwa kahawia; kupata manjano na kahawia kwa pamoja ni jambo la 1 kati ya 16. Huyo simuuzi.