Tupeane uzoefu: uliyehamia jangwani Marekani, hali ya hewa ilikupokeaje?

MwanaTanga (mleta uzi)

Wadau, habari zenu. Niko Minneapolis, huu ni mwaka wangu wa nane. Mama yangu alinifuata miaka mitatu iliyopita, na baada ya Januari hii amenikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi tena." Ana miaka 67, magoti yanamsumbua na ana sukari. Kuanzia Novemba hadi Aprili hatoki nje. Anakaa dirishani na kitenge mabegani, anahesabu magari.

Mume wangu anaendesha lori, kwake popote ni kambi. Mimi nalea wazee majumbani, kazi hiyo haikosi mji. Tumekubaliana kushuka kusini magharibi: Arizona, New Mexico, labda El Paso kule Texas. Nimesoma majedwali ya joto mpaka macho yanauma, lakini wastani wa mwaka hauniambii mtu analalaje usiku wa Julai. Naomba aliyeishi huko aseme alichokiona mwenyewe: joto, vumbi, bili ya umeme, afya, kila kitu. Msinifiche.

Mzee_wa_Lukole

Binti yangu, karibu. Nililetwa Tucson, Arizona, 2008 na familia kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole, Ngara. Hatukuchagua, tulipangiwa. Lakini tangu hapo nimepata nafasi mbili za kuhama na zote nimezikataa, basi nikueleze kwa nini.

Kwanza usahau misimu minne ya Minnesota. Hapa inahesabika mitano. Kuanzia Novemba mpaka Machi ni raha tupu: Januari mchana nyuzi 19 hivi za Selsiasi, usiku 5, mara chache barafu nyembamba kwenye kioo cha gari. Mama yako atakaa barazani. Aprili jua linaanza kuuma. Mei na Juni ni ukavu unaopasua midomo, Juni mchana unapita 38, mawingu hakuna, hata ndege wananyamaza saa sita. Hicho ndicho kipindi kigumu. Halafu mwanzoni mwa Julai upepo unageuka, unaleta unyevu kutoka upande wa Mexico, na mvua inaanguka jioni kwa ngurumo kama za kwetu. Wamexiko wa hapa huadhimisha siku ya Mtakatifu Yohane, tarehe 24 Juni, kwa sababu ndipo wazee wao walipoanza kuitazamia mvua. Kabla haijafika unaisikia kwa pua: kuna kichaka cha jangwani kiitwacho kriosoti, kikipata tone la kwanza harufu yake inajaa mji mzima. Mke wangu alilia siku ya kwanza. Alisema hakutegemea kunusa mvua tena.

Ila makorongo, binti. Yamekauka mwaka mzima, watoto wanacheza humo, kisha mvua inanyesha mlimani usiyoiona na maji yanashuka ghafla. Ukikuta kizuizi barabarani usikizunguke. Sheria ya Arizona inaruhusu utozwe gharama za kuokolewa, na hiyo bado ni hasara ndogo.

La pili ni kipoza-hewa cha maji. Nyumba nyingi za zamani zinacho juu ya paa. Ni mtungi wa maji, hakuna zaidi. Unajua mtungi wa bibi unavyotoa jasho kwa nje na maji ya ndani yakawa baridi? Ndivyo kinavyofanya kazi: feni inavuta hewa kavu kupitia pedi zilizolowa. Umeme kinakula kidogo sana kuliko kiyoyozi. Mei na Juni kinatosha kabisa. Mvua zikianza, hewa ina unyevu, kinakushinda. Kwa hiyo nyumba yenye hicho peke yake usimpangie mama mwenye sukari. Tafuta yenye vyote viwili.

Fundi_Mapaa

Mimi niko Phoenix, naezeka mapaa. Nitasema wazi kwa sababu nimeona mtu akianguka.

Phoenix iko mita 330 tu juu ya bahari, Tucson iko zaidi ya 700. Watu wanadharau tofauti hiyo. Kadiri unavyopanda joto linapungua, nyuzi sita mpaka kumi kwa kila mita 1,000. Halafu Phoenix ni lami na zege kila upande, linakunywa jua mchana na kulitema usiku. Mwaka 2023 tulikaa siku 31 mfululizo kila siku ikifika 110 za Fahrenheit, yaani zaidi ya 43 zetu. Tulianza tarehe 30 Juni tukamaliza 30 Julai. Lakini mchana sikuuogopa kama usiku. Kulikuwa na siku 16 mfululizo ambazo hata alfajiri joto halikushuka chini ya 32. Mwili haupati pa kupumzikia. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vya joto mwaka ule, na baadhi ya marehemu walikutwa ndani, nyumba ina kiyoyozi lakini kibovu.

Mimi kilinifia Ijumaa usiku, mwenye nyumba akasema fundi atakuja Jumatatu. Nilibeba watoto kwenda kulala kwa rafiki. Ukija kukagua nyumba, uliza kiyoyozi kina miaka mingapi, kabla hata ya kuuliza kodi. Angalia madirisha ya magharibi, hayo ndiyo yanayoingiza jua la saa tisa mpaka jioni. Ghorofa ya juu kabisa ikwepe. Maegesho yawe na kivuli. Na mfungue bomba la "baridi" mwezi wa saba: maji yanatoka ya moto, usimwogeshe mtoto kabla hujayagusa.

Kazi tunaanza kumi na moja alfajiri, tunashuka saa tano. Nyundo iliyolala juani huishiki bila glovu. Na mama akitoka kwa kandambili akaanguka kwenye lami, ngozi inaungua kama imegusa kikaango. Sisemi kwa kutia chumvi, hospitali za hapa zinapokea majeruhi wa lami kila kiangazi.

Kwa nini sijahama? Kazi ipo nyingi, na Oktoba mpaka Aprili hakuna mji ninaoupenda kama huu. Lakini mama mwenye sukari, dada, mimi nisingemleta hapa.

MwanaTanga

Asante fundi, pole kwa yaliyokupata. Hilo la usiku ndilo nililolitafuta kwenye majedwali nisilione. Swali: sisi watu wa pwani tumezoea joto. Tanga Februari si mchezo. Haisaidii?

Fundi_Mapaa

Haisaidii, na inaweza kukudanganya. Joto la Tanga ni fukuto: unatoka jasho, linakaa, unajua umechemka, unatafuta kivuli na dafu. Hapa jasho linakauka kabla hujaliona. Ngozi kavu, unajidhani mzima, kumbe maji yameisha mwilini. Vijana wa pwani ndio wanaochelewa kunywa maji, maana wanangoja jasho liwape taarifa.

Mama_Furaha_ABQ

Karibu dada. Miye ni wa Bukavu, tuko Albuquerque, New Mexico, mwaka wa tisa. Nakuandikia kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia habari ya kupanda juu, nilijifunza peke yangu.

Tulianzia Phoenix miezi kumi na mmoja. Mume wangu pressure ilipanda, mimi nilikuwa na mimba, nililala sakafuni kwenye vigae ili nipate ubaridi. Dada yangu alikuwa Albuquerque, akasema, "Hapa usiku tunajifunika." Sikumwamini. Tulifika Julai, saa tatu usiku nikasikia ubaridi mikononi, kama kwetu jioni. Baadaye nikaangalia: Albuquerque iko mita 1,600 hivi, Bukavu 1,500. Mwili wangu ulikuwa unatafuta urefu ule.

Julai mchana tunafika 34, usiku 19. Baridi ipo, sitakudanganya: Januari usiku inashuka chini ya sifuri, mchana 9. Theluji inaanguka mara chache, na jua la hapa linaiyeyusha kabla ya saa nane. Si ile ya kwenu inayokaa mpaka Aprili. Mama atavaa koti asubuhi, mchana atalivua.

Ubaya ni Machi na Aprili. Upepo! Mchanga unaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Na ukavu: mtoto wangu wa kwanza alitoka damu puani wiki nzima, daktari akasema tuweke kifaa cha kutoa mvuke chumbani na kumpaka mafuta ndani ya pua. Ikaisha. Ngozi inapauka, losheni ya maji haitoshi, tafuta siagi ya shea au mafuta ya nazi. Wiki mbili za kwanza mtapanda ngazi mkihema, ni urefu, utapita.

Flag_Mwanafunzi

Nyongeza fupi. Nasoma Flagstaff, iko kama saa mbili tu kutoka Phoenix lakini ni mita 2,100. Misonobari, na theluji ya kawaida kwa mwaka inafika sentimita 230 hivi. Mtu akiwaambia "Arizona hakuna baridi" mwulizeni Arizona ipi. Kwa mama yako huku ni Minnesota ndogo. Kiangazi ni kizuri mno.

Nesi_Glendale

Naomba msome hili polepole, maana nimeona watu wetu wakicheleweshwa.

Kwenye udongo wa jangwa hili kuna kuvu ambao mbegu zake hupeperuka na vumbi. Ukivuta, unaweza kupata ugonjwa wa mapafu unaoitwa homa ya bonde (kwa Kiingereza Valley fever, si ile homa ya Bonde la Ufa). Wagonjwa wengi wa Arizona wanatoka kaunti za Maricopa, Pima na Pinal, yaani Phoenix, Tucson na katikati yake. Karibu watu sita kati ya kumi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote. Wengine wanapata kikohozi, homa, uchovu wa wiki nyingi na maumivu ya viungo. Hauambukizi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Sisi wenye asili ya Afrika tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu kutoka mapafuni na kusambaa mwilini. Wajawazito pia, na wenye kinga dhaifu. Mwenye kisukari naye mapafu yake yanaweza kuumwa vibaya zaidi. Na kwa kuwa picha ya kifua inaweza kufanana na ya kifua kikuu au nimonia, mtu aliyetoka kambini anaweza kutibiwa ugonjwa asio nao. Kikohozi kikizidi wiki moja au mbili, mwambie daktari waziwazi: "Naomba kipimo cha damu cha homa ya bonde." Ukisafiri nje ya Arizona ukaugua, sema umetoka wapi, kwani daktari wa huko huenda asiuwaze. Siku za tufani za vumbi fungeni madirisha, na mama asilime bustani kwenye udongo mkavu.

Siandiki kuwatisha msije. Naishi hapa na wanangu.

Askari_EP

El Paso, nipo kambi ya Fort Bliss. Mita 1,140, kati ya Tucson na Albuquerque kwa urefu na kwa joto vilevile. Vumbi la Machi na Aprili ni baya, siku nyingine mlima huuoni. Maisha ni nafuu.

Dereva_Vegas

Las Vegas: mvua milimita 100 kwa mwaka, basi. Tarehe 7 Julai 2024 tuligonga karibu 49, rekodi ya mji. Mama abaki na Mzee wa Lukole.

MwanaTanga

Nimesoma yote, nimemsomea na mama kwa sauti. Pale pa mtungi alinisimamisha, akasema, "Huyo mzee anajua." Kwenye homa ya bonde alinyamaza, kisha akauliza kama Bukavu na huko kwa Mama Furaha kweli ni sawa.

Phoenix tumeifuta. Flagstaff na Vegas pia, samahanini. Mume wangu alitaka twende kutazama Februari, tiketi ni rahisi. Nimekataa. Februari kila mji wa jangwani ni mzuri. Tutakuja wiki ya mwisho ya Juni, Tucson siku nne, halafu Albuquerque siku nne, tulale kwenye nyumba za watu na si hotelini, tuone mama anaamkaje. Magoti yake ndiyo yatakayopiga kura. Nesi, nikija Tucson nitamvalisha barakoa akitoka nje, itasaidia?

Nesi_Glendale

Ile ya N95 iliyobana vizuri inapunguza, haiondoi kabisa. Na ile sukari yake ipimwe kabla ya safari, aje na dawa kwenye mkoba wa mkononi. Insulini msiiache kwenye gari hata dakika kumi.

Mzee_wa_Lukole

Njooni, chumba kipo. Chukueni ndege inayotua asubuhi, kabla lami haijawaka. Mama avae viatu vya kufunika na kofia pana, na kila mtu awe na chupa yake ya maji. Mke wangu anauliza kama mama anakula ugali wa muhogo au wa mahindi.

MwanaTanga

Wa muhogo, baba. Shikamoo, na umwambie mama nimeshukuru sana.