Mrejesho: dawa ya sistinosisi kwa mtoto

Wakuu, niliuliza matibabu na gharama za sistinosisi (ugonjwa wa kurithi ambapo kemikali iitwayo sistini hujikusanya kwenye seli) kwa mtoto hapa Dar. Asanteni mno. Tumechagua sisteamini (dawa inayoondoa sistini kwenye seli) ya kawaida, kwani ile ya kila baada ya saa 12 bei yake ni mara nyingi zaidi. Hii ya kawaida hutolewa kila baada ya saa 6: saa 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni, 6 usiku. Ya usiku hairukwi, sistini hujikusanya upya haraka kwenye seli. Dozi kamili ni gramu 1.3 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku: mwenye mita za mraba 0.6 anapewa kapsuli ya miligramu 150 na ya 50 kila mara, zikafunguliwa na kunyunyizwa kwenye chakula. Anaanzia robo ya dozi hiyo au chini yake, ikipandishwa polepole kwa wiki 4 hadi 6, la sivyo anaweza kutapika. Macho yana matone yake. Dawa ya kumeza haifiki kwenye konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho).