Vibanda umiza na Korona 2020: ilikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Mlinzi wa Zamu
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita mtaa niliokulia, Manzese, nikakuta pale palipokuwa na kibanda umiza chetu, tulipokuwa tunalipia kuangalia mpira, sasa wanauza madirisha ya aluminiamu. Ule ubao wa ratiba bado upo, wameugeuza nyuma ukawa mbele, wameandika bei za vioo. Nikazunguka upande wa pili kuchungulia. Maandishi yapo: LEICESTER V A. VILLA, JUMATATU SAA 5 USIKU, 500. Hiyo ni Machi 9, 2020, mechi ya mwisho kabla Uingereza hawajafunga ligi. Hakuna aliyerudi kufuta.

Nimesimama pale kama mtu aliyekuta viatu vya marehemu mlangoni. Tuliokuwa wateja, wenye vibanda, madijei, wauza filamu, mliishije mikusanyiko ilipozuiwa? Na mbona watu hawakurudi wote? Karibuni.

Chapati Mbili
Chaki ya 2020 bado inasomeka? Hii chai ya uongo, tena ya maziwa.

Mlinzi wa Zamu
Nani kasema chaki? Ilikuwa rangi ya mafuta, jina la mechi lilikuwa linabandikwa juu kwa karatasi na gundi. Soma uelewe.

Chapati Mbili
Umesema "maandishi", hukusema karatasi. Haya endelea.

Baba Tatu
Mimi nilikuwa mwenye kibanda. Sikutaka kuchangia, ila huo ubao umenigusa pabaya.

Mbagala, si Manzese. Februari 2020 nilichukua mkopo, nikaongeza na za kikoba cha mke wangu, nikanunua projekta ya mtumba laki saba, king'amuzi cha pili na feni mbili. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Machi 8 Yanga na Simba, halafu Liverpool anautafuta ubingwa, halafu Euro mwezi wa sita. Agosti deni limekwisha. Na Machi 8 kweli nilijaza, watu mia na ushee kwenye chumba cha watu sitini, buku kwa kichwa. Morrison wa Yanga alipoiweka ile faulo wavuni bati lilitaka kuondoka. Usiku nikamwambia mke wangu, "Mama, tumetoka."

Siku tano baadaye Waingereza wakasimamisha ligi. Jumanne, Machi 17, Waziri Mkuu wetu akazuia mikusanyiko na ligi yetu ikasimama. Nikajaribu kuonyesha marudio kwa mlango wa uani, watu wanane wanaangalia fainali ambayo kila mmoja anamjua mfungaji. Wiki ya pili wakabaki watatu. Mtu hatoi mia tano kuhadithiwa alichokwisha kukiona.

Mkopo haujui Korona. Mwezi wa tano, mfungo unaendelea, mke wangu anashona barakoa za kitenge, ndizo zilizokuwa zinatulisha. Jumanne moja nikauza projekta kwa laki tatu na nusu. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, Mei 16, nimekaa kijiwe cha bodaboda nasikia yowe: Wajerumani wamerudi, Haaland kafunga, Dortmund anampiga Schalke nne. Vijana sita wamebanana kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka. Siku nne tu, wakuu. Siku nne.

Na hapo bado. Julai 12, nusu fainali ya Kombe la FA, Simba na Yanga. Jamaa akanivuta twende kibanda kipya mtaa wa pili. Nikalipa, nikakaa, mapazia yakashushwa, picha ikaja. Nikaiona nukta. Projekta yangu ilikuwa na nukta nyeusi kushoto chini, karibu na kibendera cha kona, wateja wangu waliibatiza "refa wa akiba". Ndiyo hiyo hiyo. Nimekaa kwenye benchi la mtu, nimelipa kiingilio kuitazama projekta yangu, na Yanga wangu anapigwa nne kwa moja. Mteja wangu mmoja wa zamani akageuka akaniangalia, akaiangalia nukta, akarudisha macho mbele. Angecheka ingekuwa afadhali.

Dada wa Benki ya Nyuma
Refa wa akiba 😭😭 Pole sana kaka.

Mkeka Mrefu
Mkuu Baba Tatu, pole. Sisi wa mikeka ya kubeti tulibaki na Belarusi. Dunia nzima imefunga, Belarusi wanacheza kama hawajasikia. Mimi niliyekuwa siijui hata rangi ya bendera yao, ndani ya wiki mbili naijua ligi yao mpaka timu za chuo. Machi 19 ya 2020 nikamwekea BATE, watu wanasema ni Simba ya kule. Akachapwa tatu kwa moja na Energetik! Nikahamia mipira ya kompyuta, ile ya mechi za dakika tatu. Pale ndipo nilipoacha kodi ya nyumba.

Ushauri kwa vijana: bora Belarusi, angalau wanaokimbia ni watu.

Chapati Mbili
Ushauri gani huo? Mwambie asibeti.

Mkeka Mrefu
Nimempa uzoefu, uzi unasema uzoefu.

Tanganyika Upande wa Pili
Salamu toka Bujumbura. Musisahau Burundi. Mwishoni mwa Machi ligi yetu ilikuwa bado inachezwa, tunanawishwa mikono mlangoni tunaingia uwanjani. Binamu yangu aliyeko Ulaya alikuwa ananipigia kwa video nimuelekezee simu uwanjani, yeye aliyekuwa anatucheka mupira wetu miaka yote. Dakika tisini nimenyoosha mkono. Mwezi wa ine na sisi wakasimamisha kidogo, mkono ukapona.

Flashi 32
Mnalia, mimi nilikuwa nashukuru kimya kimya. Nilikuwa na banda la kuingizia filamu na nyimbo kwenye flashi na simu, nje ya stendi Morogoro. Kabla ya hapo tulikuwa tunakufa taratibu, vijana wameanza kujipakulia wenyewe. Shule zikafungwa, vyuo vikafungwa, mji ukajaa wanachuo wasio na kazi wala pesa ya bando. Season moja buku, ukichukua tatu nakuwekea ya nne bure. Wakorea waliondoka kuliko maji. Kina mama ambao zamani wanataka Kinaijeria tu, walikuja na majina ya Kikorea yameandikwa nyuma ya risiti ya luku. Watoto nao wakaniomba zilizotafsiriwa, maana dijei akishaingiza maneno yake filamu mbovu inakuwa nzuri.

Tatizo ni kwamba wale wanachuo ndio waliowafundisha mama zao kutumia YouTube. 2021 mwishoni nikafunga. Sasa nauza makava ya simu.

Ami wa Kisauni
Nyie mwaongea mambo ya projekta, hebu niwape ya Mombasa.

Juni 2020 kafyu ilikuwa imesogezwa, saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Tarehe 17 ligi ya Uingereza yarudi. Villa na Sheffield saa mbili, sawa. City na Arsenal saa nne na robo. Hiyo ukiiona, umelala huko huko. Mwenye ukumbi akatangaza: mwenye kuingia aingie kabla ya saa tatu, mlango wafungwa, hakuna kutoka mpaka saa kumi. Tukaingia thelathini na kitu. Madirisha yamezibwa kwa magodoro, sauti ya TV imezimwa kabisa, na sharti ni moja: ukipiga kelele umeua wenzio.

Hebu fikirieni. Miezi mitatu hujaona mpira, leo waonyeshwa, na huruhusiwi hata kukohoa. Watu washangilia kwa kufinyana mapaja.

Mbele pale palikuwa na mzee mmoja seremala, Arsenal wa damu. Beki aumia mapema, David Luiz aingia, mzee akavua kofia akaiweka magotini. Karibu na mapumziko mpira ukamshinda David Luiz, Sterling huyo, bao. Mzee akauma kofia. Kipindi cha pili hata hakijachemka, David Luiz akamwangusha Mahrez. Penalti, na kadi nyekundu. Basi mzee akasimama, pumzi ya miezi mitatu ikamtoka yote: "MTOENIII! MTOENI HUYO!"

Kimya. Kisha mlangoni, ngo ngo ngo.

Mwenye ukumbi akazima TV. Giza totoro. Sauti ya nje: "Nani huyo mwataka kumtoa?" Wallahi sijui mzee alipata wapi akili ile. Akajibu kwa sauti ya kilio: "Ni maiti, afande. Tuna maiti humu, twataka kumtoa." Nje kimya kidogo. "Amekufa na nini?" Mzee: "Kifua, afande. Amekohoa siku tatu." Na pale pale kijana mmoja aliyekuwa amejibana akakohoa kikohozi cha kweli, kikatuambukiza ukumbi mzima. Twasikia viatu vyaondoka mbio, gari lawashwa.

TV ikawashwa, Foden akatia la tatu.

Mngedhani yameisha. Saa kumi kasoro likaja gari jengine, wameshuka watu wamevaa nguo nyeupe gubigubi, miwani na mabuti, wamekuja kumchukua maiti. Kumbe karao walipiga simu. Tuliruka ukuta wa nyuma mmoja mmoja, kikoi changu kikabaki kwenye chupa zilizopachikwa juu ya ukuta. Nimeingia nyumbani na fulana ya City na chupi, mke wangu amekaa kitandani, aniuliza, "Mpira umekwisha?"

Dada wa Benki ya Nyuma
Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Mkeka Mrefu
Maiti alizikwa wapi?

Ami wa Kisauni
Alifufuka na kipyenga cha mwisho.

Chapati Mbili
Sasa hii ndiyo chai. Lakini ina iliki, nitakunywa.

Kamanda Mstaafu
Ndiyo maana sisi Tanzania hatukujifungia. Wenzetu mlichezewa na kafyu, sisi watu walitembea, juni mosi michezo ikaruhusiwa, ligi ikarudi tarehe 13.

Ami wa Kisauni
Bwana mkubwa, na takwimu zenu za Korona mliziweka wapi baada ya Aprili?

Kamanda Mstaafu
Usianze.

Dada wa Benki ya Nyuma
Jamani kila mtu alizika. Muacheni mwenye uzi.

Mlinzi wa Zamu
Ahsante dada. Niliuliza habari za vibanda, sasa naona tunazika watu wasiokuwepo. Turudi kwenye mada.

Ami wa Kisauni
Mada ni ukumbi wa mpira. Mie nilikuwa wapi, msikitini?

Bint Ng'ambo
Niingie kidogo. Mimi mzaliwa wa Unguja, nipo Maskati, nafanya kazi ndani. Machi 2020 hapa walisimamisha hata kuchapa na kusambaza magazeti, wanaogopa karatasi inapita mikono mingi. Bosi wangu mzee alikuwa hali kifungua kinywa bila gazeti. Asubuhi ya kwanza alikaa na kahawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Mwishowe nikamfungulia kwenye simu, nikawa namkuzia maandishi kwa vidole viwili kama nakanda unga. Mpaka leo anasoma humo, gazeti halijarudi mezani.

Na nyumbani bibi yangu, ambaye taarabu kwake ni ya kwenda, uvae, utunze, uonekane umetunza, alinirekodia sauti ya dakika nne analalamika: mjukuu wake kamwekea taarabu kwenye simu, kapenda wimbo, kanyanyuka na noti yake, hana pa kuitia.

Flashi 32
Angeirusha kwa M-Pesa.

Bint Ng'ambo
Ndicho alichofanya mwaka uliofuata. Mwimbaji akamjibu kwa jina. Sasa hashikiki.

Dijei Asiye na Jina
Nakuru hapa. Baa zilifungwa, nikawa nacheza mubashara Jumamosi kutoka sebuleni, shuka nyeusi nyuma, taa mbili za Krismasi. Wiki ya kwanza watu elfu moja. Wiki ya tatu mtandao ukanizima katikati ya wimbo kwa mambo ya hakimiliki, na mimi sijui, nimevaa hedifoni, naruka peke yangu dakika kumi na tano nauliza "mko na mimi?" Mama ndiye aliingia akaniambia hakuna mtu.

Ila wasichana wa mitandaoni wa mwaka ule walitoka vyumbani kwao na simu tu wakawa mastaa. Elsa Majimbo, mchekeshaji wetu wa Kenya, na krisps zake, miwani ya giza, hakuna jukwaa hakuna spika. Mimi nina spika nne.

Benchi la Mbele
Kwa aliyeuliza mbona watu hawakurudi: mimi sikurudi. Kipindi kile nilijifunza kutafuta linki. Picha inakwama, mara matangazo ya ajabu yanafunguka, lakini nimelala kitandani. Ligi iliporudi na sauti zile za kubuni za mashabiki, nikaona hata wao wanaweza kudanganya uwanja umejaa.

Kamanda Mstaafu
Zile sauti zilikuwa upuuzi.

Benchi la Mbele
Bila zile sauti tulikuwa tunasikia makocha wanavyotukana. Zilikuwa tamu.

Kamanda Mstaafu
Basi ungeweka sauti bandia chumbani, usiende hata uwanjani.

Benchi la Mbele
Sijaenda tangu 2019.

Dada wa Benki ya Nyuma
Mimi jina langu lenyewe ni la kibandani, nilikuwa nakaa benki ya nyuma, yaani benchi, karibu na mlango, mwanamke pekee, mashemeji zangu wote wananinunulia karanga. Siku hizi naangalia kwa simu na hedifoni, mume amelala. Bao likiingia nakaza ngumi tu. Nimekuwa kama wale wa Kisauni, na hakuna kafyu.

Mkeka Mrefu
Fungua kibanda dada, tutakuja.

Chapati Mbili
Asifungue. Biashara imekufa hiyo.

Flashi 32
Haijafa, nenda siku ya dabi uone. Ila uwe na jenereta.

Dada wa Benki ya Nyuma
Nimewahi kuwaza kweli. Kuna chumba cha mama mkwe kipo tupu. Baba Tatu, projekta ya mtumba siku hizi nikague nini?

Baba Tatu
Uliza taa yake imetumika saa ngapi, usikubali "kidogo tu". Shika ubavuni ikiwa inawaka, ikichoma mkono achana nayo. Halafu mwambie aimulike kwenye ukuta mweupe, hakuna picha yoyote, usogee uangalie kushoto chini.