Naomba ushauri: databesi ya biashara ya dagaa tuihamishie klaudi ipi? (tupo Mwanza)

Mzani_Kirumba

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wale wanaotumia klaudi (kompyuta za kukodi kwa intaneti) kwa kazi yenye pesa za watu ndani yake. Natunza mfumo wa biashara ya dagaa hapa Kirumba, tunanunua kutoka kambi za Ukerewe, Ukara, Kome mpaka Goziba, tuna mawakala kama 30 wanaoingiza kwa simu uzito, bei na advansi aliyopewa mvuvi ya mafuta na nyavu. Mfumo umeandikwa kwa PHP na databesi ni MySQL 5.7, vyote kwenye kompyuta moja ofisini, databesi ina GB 6 hivi. Kijana aliyeutengeneza yupo Dodoma siku hizi, anasaidia akipata nafasi.

Shida yetu ni umeme ukikatika na UPS ikaisha, kambi zote zinarudi kwenye daftari, na kipindi cha giza (usiku usio na mwezi) ndo mzigo unaingia kwa wingi asubuhi, baadae watu wanakaa kunakili daftari kwenye mfumo wakiwa wamechoka, advansi inaingia mara mbili, mvuvi anakuja analalamika na ana haki kabisa kwa sababu ile ni kazi yake ya usiku kucha. Bosi amekubali tuhamie kwenye databesi ambayo kampuni ya klaudi ndo inaisimamia, yaani wao wanashughulika na mashine, bakapu na apdeti, sisi tunatumia tu.

Nimebaki na tatu: Amazon RDS ya Cape Town, Google Cloud SQL ya Johannesburg, na DigitalOcean ya Frankfurt. Hiyo ya tatu ni nafuu na bili yake naielewa. Zile mbili zipo Afrika kwa hiyo nadhani zitakuwa na spidi zaidi, ila kurasa zao za bei zinanichanganya. Nyie mngechagua ipi na kwa nini? Mfumo wenyewe wa PHP tunafikiria ubaki hapa hapa ofisini, tuhamishe databesi peke yake.

---

dba_nyegezi

Mkuu nianze na hiyo sentensi yako ya mwisho kwa sababu ndo itakuumiza kuliko jina la kampuni. Usihamishe databesi ukaacha PHP Kirumba. Ukurasa mmoja wa kawaida, tuseme wa kuonyesha deni la mvuvi, unaweza ukaiuliza databesi mara 40 bila wewe kujua, sasa hivi hausikii kitu kwa sababu vyote vipo mashine moja. Ukiitupa databesi Frankfurt na kila swali likachukua milisekunde 150 kwenda na kurudi, mara 40 ni sekunde 6, ukurasa mmoja huo. Ukihamisha na PHP ukaviweka kituo kimoja, yale maswali 40 yanaisha humo humo ndani kwa muda mfupi sana, wakala anasubiri safari chache tu za simu yake mpaka kule. Na umeme wa ofisini ukikatika wakala wa Ukara hata hajui. Ukibakiza PHP ofisini basi shida uliyokuja nayo itakuwa bado ipo, umeme ukienda mfumo unaenda nao.

Ukishafanya hivyo, umbali wa Cape Town na Frankfurt unapungua uzito sana. Usipime kwa intaneti ya ofisini, mwambie wakala aliye Nansio na mwingine aliye Goziba wafungue ukurasa wa majaribio kwa laini zao, asubuhi ile ya mizani, maana kisiwani mtandao wa simu wenyewe ndo unachelewesha mara nyingi kuliko hata bahari.

Kuhusu bei, Cape Town ya Amazon ni ghali kuliko vituo vyao vya Ulaya kwa mashine ile ile, na haiji imewashwa kwenye akaunti, lazima uiwashe mwenyewe. Google Johannesburg ni kipya zaidi, walifungua Januari 2024. DigitalOcean hawana kituo Afrika lakini databesi yao ndogo inaanzia kama dola 15 kwa mwezi na bili haina vipengele vingi vya kujificha. Kitu kingine cha kuangalia Amazon, zile mashine ndogo za familia ya T kwenye RDS zikitumia prosesa zaidi ya kiwango chake kwa muda mrefu unatozwa ziada, hazikuzuii, zinakutoza. Nyie mna asubuhi za giza kwa hiyo liangalie hilo kwenye mwezi wa kwanza.

Ila mimi kigezo changu kikubwa ni kurudisha data. Sio kuwa na bakapu, KURUDISHA. Jiulize, leo wakala kafuta advansi za kambi nzima, nani hapo ofisini anaweza kuirudisha databesi ya jana saa kumi jioni bila kumpigia kijana wa Dodoma? Fungua akaunti ya majaribio kwa zote tatu, weka data ya uongo, ifute, kisha muachie huyo anayeshinda hapo ofisini airudishe peke yake. Ile atakayoimaliza bila msaada ndo yenu.

---

ziwani_tech

Naunga mkono, ila naongezea kwenye muda wa bakapu kwa sababu biashara ya dagaa ina kalenda yake. DigitalOcean wanatunza siku 7. RDS unaweza kuipandisha mpaka siku 35, ila ukitengeneza kwenye dashibodi inakuja na siku 7 usipoigusa. Cloud SQL nayo inaanza na bakapu 7 na unaweza kuongeza nyingi zaidi. Sasa nyie hesabu na wavuvi mnafunga lini? Kwa wengi ninaowajua ni mbalamwezi, kambi zikiwa zimetulia. Maana yake advansi iliyokosewa mwanzoni mwa giza inakuja kugundulika wiki mbili au tatu baadae, na bakapu za siku 7 zilishafutika zamani. Kwa hiyo ukienda DigitalOcean au ukaacha 7, weka kazi ya kila usiku inayotoa mysqldump (nakala ya databesi nzima kwenye faili) na kuipeleka sehemu NYINGINE, kampuni nyingine kabisa na akaunti nyingine, utunze angalau miezi mitatu. GB 6 ikibanwa inakuwa ndogo, gharama yake haiumizi.

Na hili watu wengi hawalijui: ukifuta databesi yenyewe, bakapu zake za kila siku zinaweza kuondoka nayo. RDS inakuuliza kama unataka snapshoti (nakala kamili) ya mwisho, usipite pale haraka.

---

Fundi_Mtandao_BK

Mimi nipo Bukoba. Wakuu mbona hamjataja waya wa baharini? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania intaneti ilikuwa mbovu siku kadhaa. Watu wanasema "weka Afrika Kusini ni karibu" lakini njia ya kwenda kule ndo hiyo hiyo iliyokatika. Frankfurt nayo ina nyaya zake na zenyewe zinakatika. Hakuna databesi ya kununua itakayokutibu hili, inatakiwa upande wa simu ndo ubebe: wakala aandike mzani, ubaki kwenye simu yake na namba ya kipekee iliyotengenezwa na simu hiyo hiyo, mtandao ukirudi unatumwa, na databesi ikiona namba ile imeshaingia inakataa. Hiyo namba ya kipekee ndo inaua tatizo lako la advansi kuingia mara mbili, hata wakala akibonyeza "tuma" mara tano. Mimi ningeanza na hili kabla ya klaudi yoyote.

---

Mzani_Kirumba

Aisee asanteni sana wakuu. Hoja ya PHP kukaa pamoja na databesi imeniingia, na hiyo ya namba ya kipekee nimeshamtumia kijana wa Dodoma anasema inawezekana bila kubomoa mfumo.

Swali la nyongeza. Kwa sababu mbalamwezi kambi hazifanyi kazi, siku kama kumi hivi mfumo unatumika na mhasibu tu, je naweza kuizima databesi siku hizo nisilipie? Na pia bosi anauliza kama inabidi tulipie ile ya mashine mbili, moja ikifa nyingine inashika.

---

dba_nyegezi

Kuzima, RDS inakubali lakini mwisho siku 7, ikifika hapo inajiwasha yenyewe na mita inaanza tena, na siku zote hizo nafasi ya kuhifadhi data unailipia. Cloud SQL unaweza kuisimamisha na haijiwashi hivyo, ila diski nayo unalipia. DigitalOcean hakuna kuzima, ipo unalipa. Lakini umesema mwenyewe mhasibu anaitumia siku hizo, na ndo siku za kufunga hesabu, sasa utaizima vipi? Kwa databesi ya GB 6 akiba utakayopata ni ndogo kuliko usumbufu. Mbalamwezi itumie kwa kazi zinazohitaji mfumo usimame kidogo, kama kuongeza ukubwa wa mashine au kupandisha toleo.

Mashine mbili, kwa sasa ningesema hapana. Inakaribia kuwa bei mara mbili, na ile ya pili inakulinda mashine ikifa, haikulindi mtu akifuta data, akifuta kwenye ya kwanza na ya pili inafuta sekunde hiyo hiyo. Kama simu zinatunza mizani yenyewe kama alivyosema mkuu wa Bukoba, databesi kusimama nusu saa mtaivumilia. Pesa hiyo weka kwenye bakapu za nje.

---

Mama_Hesabu

Samahanini naingilia, mimi ni mhasibu sio mtu wa mitambo, ila haya mawili yanaangukia mezani kwetu. La kwanza malipo. Hizi kampuni zinakata kwenye kadi kila mwezi kwa dola. Kadi ikikataa kwa sababu ya kikomo cha benki au salio, wanatuma barua pepe, na kama barua pepe ni ya kijana wa Dodoma nyie hamtajua mpaka akaunti isimamishwe, na deni likikaa sana akaunti inafungwa na data inakwenda. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni inayosomwa na watu wawili, na uweke kadi ya pili. Na dola ikipanda bili ya shilingi inapanda hata kama hamjaongeza kitu, bosi aelezwe mapema.

La pili, mna majina ya wavuvi, namba za simu, pengine na vitambulisho vya NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna utaratibu wake wa kibali. Cape Town ni nje, Frankfurt ni nje, kwenye hili hazina tofauti. Waulizeni Tume kabla hamjahamisha, msingoje kuulizwa. Na kama namba ya NIDA hamuitumii kwa lolote iondoeni kwenye mfumo, mvuvi hajakupa kitambulisho chake ili kikae tu.

---

Mzani_Kirumba

Dada umenisaidia mno, NIDA tulikuwa tunachukua kwa mazoea tu. Nimeongea na bosi, tumekubaliana tujaribu DigitalOcean na Cloud SQL sambamba kwa giza linalokuja kwa data ya uongo, mhasibu ndo atafanya zoezi la kurudisha. Kuna la kuangalia upande wa MySQL 5.7?

---

ziwani_tech

Lipo, na ni kubwa. 5.7 ilifikia mwisho Oktoba 2023. DigitalOcean watakupa 8 tu. Kwingine unaweza kukubaliwa na toleo la zamani lakini kwa tozo ya ziada, RDS wanaihesabu kwa kila vCPU (prosesa ya mashine ya klaudi) kwa saa na kwa databesi ndogo inaweza kuzidi hata bei ya mashine yenyewe. Na 8.0 nayo mwisho wake ni Aprili 2026, kwa hiyo kama mtoa huduma ana 8.4 lenga hiyo moja kwa moja.

Kabla ya kuhamisha endesha kile kikaguzi cha MySQL Shell, checkForServerUpgrade, kitakuonyesha mengi. Ambayo hukutana nayo sana: kama kuna jedwali au safu inaitwa groups au rank, kwenye 8 hayo ni maneno ya mfumo, swali litagoma mpaka uyafunge kwa alama zake. Ripoti zilizokuwa zinajipanga zenyewe kwa sababu ya GROUP BY (amri ya kukusanya kwa makundi) hazitajipanga tena, lazima uandike ORDER BY (amri ya kupanga), na hii haileti kosa lolote kwenye skrini, orodha ya mizani inatoka tu imevurugika na mhasibu ndo ataiona. DigitalOcean kwa mipangilio yao ya kawaida wanataka kila jedwali liwe na ufunguo mkuu (safu inayotofautisha kila mstari), lisilo nao halitaingia. Na ukiingiza dampo (lile faili la mysqldump) ukaona inalalamika kuhusu SUPER, yaani ruhusa ya juu kabisa, tafuta maneno ya DEFINER ndani ya faili uyatoe, kwenye databesi za kusimamiwa hupewi ruhusa ile hata kama ni wewe unayelipa.

Mlango wa 3306, ule MySQL inaopokelea maswali, usiufungue kwa dunia nzima, PHP iongee na databesi kwa mtandao wa ndani wa hapo hapo klaudi.

---

Mzani_Kirumba

Nimecheki sasa hivi, tuna jedwali linaitwa groups kweli, ndo vikundi vya kambi, na majedwali mawili hayana ufunguo mkuu. Namtumia kijana leo hii aanze nayo. Matokeo ya zoezi nitayaleta hapa mbalamwezi.