Ombi la ushauri: Niwasikilizishe vipi Hot Space ya Queen watu wasiotaka kuisikia?

Santuri_Kuukuu (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Tuna kikundi kidogo cha wapenzi wa muziki kinachokutana kila mwezi kusikiliza albamu moja nzima, bila kuruka wimbo na bila mazungumzo katikati. Zamu yangu imefika, nami nimechagua Hot Space, ambayo Queen waliitoa mwezi Mei 1982 na ambayo mashabiki wengi wa roki huitaja hadi leo kuwa ndiyo doa katika kazi ya kundi hilo. Wazee wawili katika kikundi wameshanidokeza kwamba watakuja kwa kunistahi tu.

Sidai kwamba albamu hii haina kasoro. Ninachodai ni kwamba ilihukumiwa kwa kuwa haikufanana na A Night at the Opera, albamu yao ya roki ya mwaka 1975, na kwamba msikilizaji wa leo, asiyeshtuka akisikia besi ya sintesaiza (kinanda cha kielektroniki) na gitaa la roki katika wimbo mmoja, yuko katika nafasi nzuri ya kuipima kuliko aliyeinunua mwaka ule. Tatizo langu ni upande wa kwanza wa santuri. "Staying Power" inafungua kwa matarumbeta yaliyopangwa na Arif Mardin, na ukifika "Body Language" gitaa la Brian May, mpiga gitaa wao, karibu limetoweka kabisa. Aliyekuja akitarajia solo ndefu atakuwa ameshakata tamaa kabla santuri haijageuzwa. Je, nianze na upande wa pili? Na je, nitangulize maelezo, au niuache muziki ujitetee wenyewe?

Besi_Nene

Ndugu mleta mada, usiugeuze mpangilio. Ukianza na upande wa pili utakuwa umekubali kimyakimya kwamba upande wa kwanza ni wa kuonewa aibu.

Maelezo mafupi, hata hivyo, yanahitajika. Mwaka 1980 Queen walishika nafasi ya kwanza Marekani kwa "Another One Bites the Dust", wimbo wa mpiga besi wao, John Deacon, aliyekuwa akilisikiliza sana kundi la disko la Chic. Kwa hiyo Hot Space haikutoka hewani; waliufuata mlango ambao wasikilizaji wenyewe walikuwa wameufungua. Lakini kumbuka pia kwamba Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, santuri za disko zililipuliwa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia, na chuki ile ilichanganyika na dharau kwa watu weusi na mashoga walioulea muziki huo. Wimbo mmoja wa kuchezeka uliweza kusamehewa. Upande mzima wa santuri, kutoka kwa kundi ambalo katika miaka ya 1970 lilikuwa likiandika kwenye majalada yake kwamba halikutumia sintesaiza, ulionekana kuwa ni usaliti.

Mzee_wa_Rithimu

Naheshimu maelezo ya Besi_Nene, ila tusimtwishe msikilizaji lawama zote. Albamu hii ilifika nafasi ya 4 Uingereza na ya 22 Marekani, na "Body Language" yenyewe ilifika nafasi ya 11 huko Marekani, kwa hiyo hatuzungumzii kazi iliyotupwa jalalani. Kasoro yake kubwa mimi naiona katika namna ilivyorekodiwa. Roger Taylor ni mpiga ngoma ambaye ukimsikia unahisi chumba kinatikisika, halafu katika "Action This Day", wimbo alioutunga yeye mwenyewe, kinachotangulia ni mdundo mkavu wa mashine, ulionyooka kama rula. Chic walikuwa na mpiga ngoma wa damu na nyama, Tony Thompson, na hapo ndipo tofauti ilipo. Miaka arobaini na zaidi haiwezi kuufanya mdundo mbovu kuwa mzuri, na kikundi chako kina haki ya kusema hivyo.

Jukwaa_la_Pili

Mzee_wa_Rithimu amegusa penyewe, na dawa yake ipo. Baada ya albamu kwisha, wapigie "Staying Power" na "Action This Day" kutoka onyesho lao la Milton Keynes, Uingereza, la tarehe 5 Juni 1982, lililotolewa rasmi mwaka 2004. Kabla ya "Staying Power", mwimbaji wao, Freddie Mercury, anauambia umati kwamba hii ni santuri tu, hakuna sababu ya watu kupandisha mori. Kisha Deacon, badala ya besi, anashika gitaa la rithimu. Besi inapigwa kwenye kinanda na Morgan Fisher. Taylor yuko kwenye ngoma halisi, na gitaa la May linaingia kwa nguvu zake zote. Wimbo ni uleule, lakini unasimama kwa miguu yake. Hapo wazee wako watajua kama walichokichukia ni utunzi au ni studio.

Bibi_Kaseti

Naongeza mambo madogo. Mwishoni mwa "Dancer" inasikika simu ya hoteli ikiita na sauti ya Kijerumani ikimwamsha mgeni asubuhi. Waambie wakae macho, kwa sababu sekunde zile chache zinaeleza maisha ya usiku ya Munich yaliyoizaa albamu hii kuliko makala nyingi. "Cool Cat" wasiizungumzie juujuu: Mercury anaimba kwa sauti nyembamba mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji David Bowie aliyekuwa ameweka sauti yake humo aliomba iondolewe, ndiyo maana katika albamu hii Bowie tunamsikia kwenye "Under Pressure" tu. Tena, tafadhali, usianze na habari za Zanzibar. Sote tunajua kwamba Mercury alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, lakini hilo halimsaidii mtu kuisikia "Back Chat".

Santuri_Kuukuu (mleta mada)

Nawashukuru. Mpangilio nitauacha ulivyo, maelezo yatakuwa ya dakika mbili, na Milton Keynes itafuata mwishoni. Limebaki swali moja: nipige santuri yangu ya zamani, yenye mikwaruzo kidogo, au toleo lililosafishwa mwaka 2011?

Mzee_wa_Rithimu

Toleo la 2011 ni safi zaidi, hasa kwenye besi, lakini piga santuri. Ikifika mwisho wa "Action This Day" utalazimika kuinuka na kuigeuza, na hao wazee wawili watapata nafasi ya kumimina chai na kunung'unika kabla gitaa la "Put Out the Fire" halijaanza.