Naomba ushauri: bushi za yurethani kwenye RAV4 ya 2003

Wakuu, heshima yenu. Nina RAV4 ya 2003, naishi Kivule, na barabara zetu mnazijua. Kila nikipanda tuta nasikia "go, go" mbele kushoto, na nikikanyaga breki usukani unavuta upande. Fundi aliinua gari akatia mtalimbo kwenye loa amu (mkono wa chini unaoshika tairi): bushi kubwa ya nyuma, ile raba yenye bomba la chuma inayounga mkono huo na gari, imechanika, raba imeachana kabisa na chuma. Tairi nalo limeshaliwa upande wa ndani.

Hizo hizo nilibadilisha miezi nane tu iliyopita, za raba, za bei chee. Kosa langu.

Sasa nawaza za yurethani, aina ya plastiki inayonyumbuka. Najua ni ngumu zaidi, na kwa kuwa huzunguka kwenye bomba lake la chuma badala ya kujinyonga kama raba, zinataka grisi ya silikoni, la sivyo zinalia kama kitanda cha chuma.

Aliyezifunga kwenye gari la kila siku: mtetemo unavumilika kwenye rasta? Tope la masika linamaliza grisi baada ya muda gani? Au ninunue raba orijino tu, safari hii fundi akaze bolti gari likiwa limekalia matairi? Ile mara ya kwanza alikaza likiwa juu ya jeki, kwa hiyo gari liliposhuka raba ikabaki imejinyonga muda wote.