Kujazia watu nyimbo kwenye flashi ni wizi?

Mama wa Kawempe: Jamani naombeni ushauri. Kijana wangu kafungua kibanda hapa, ana kompyuta moja, watu wanaleta flashi na memori kadi anawajazia nyimbo na muvi alizodaunlodi bure mtandaoni, wateja wapo kweli ila mimi roho haitulii. Anaweza kufungwa?

Mwimbaji, Jinja: Mama anaweza kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inasema jela mpaka miaka 4 au faini mpaka pointi 100, pointi moja ni shilingi 20,000 kwa hiyo ni milioni 2, au vyote viwili. Mimi naimba, studio nililipa kwa hela ya mbuzi wawili, wiki ileile napanda teksi nasikia wimbo wangu unalia, namuuliza dereva ananionyesha flashi, kwenye redio imeandikwa "track 47" basi, jina langu halipo. Iliniuma sana.

Fundi simu, Arua: Pole sana ndugu. Lakini tuseme ukweli bando ni ghali, tangu 2021 data ina kodi ya asilimia 12, mtu wa kijijini asikilizie wapi? Mteja simlaumu, anayeuza ndo anakula jasho la mwenzake.

Mwimbaji, Jinja: Hapo sawa. Mama, mwambie aende UPRS, chama cha Uganda kinachokusanya malipo ya wenye nyimbo, aulizie leseni, na nyimbo zangu nitampa mwenyewe, tuelewane bei.

Mama wa Kawempe: Asante mwanangu, kesho namtuma.